Hina ya Bi Mize

Tangu aletwe kwenye makao ya wazee, Bi Mize alikuwa akijikuna mikono makusudi mpaka itoke damu, kila huzuni ilipomzidi. Wauguzi walimvisha soksi mikononi, akazivua kwa meno.

Asubuhi moja, vidonda vikiwa vimeshapona, akahamia jirani mpya, Bi Shamsa, aliyezeekea kazi ya kupamba maharusi. Alimtazama Bi Mize, akaenda kukoroga hina.

“Lete mkono, shoga.”

“Huu? Umejaa makovu.”

“Nimekuomba mkono, sikukuuliza una nini.”

Akachora maua kuyazunguka makovu, mkono wa kwanza, kisha wa pili. “Sasa usiguse kitu mpaka ikauke. Ukiniharibia, tutagombana.”

Bi Mize akakaa barazani, mikono kainyoosha juani. Inzi akatua puani mwake. Akapuliza, inzi hatoki. Mkono ukainuka, akayaona maua mabichi, akaurudisha taratibu.

“Shamsa we! Njoo unikune pua!”

Baraza zima likaangua kicheko. Naye akacheka mpaka machozi yakamtiririka, na hakuyafuta. Mikono yake ilikuwa bado juani, inakauka.