Sauti ya Kibwana

Kikundi cha maigizo kilibandika mabango mji mzima, mbuzi wakayatafuna. Zamda, kiongozi wao, akamwendea Kibwana, mtangazaji wa misiba, mwenye baiskeli na kipaza sauti.

"Kaka, tutangazie mchezo. Ukumbi ukiwa mtupu tena leo, tunavunja kikundi."

"Mimi sina sauti ya furaha, dada."

"Itumie hiyohiyo."

Kibwana akazunguka mitaa yote. Jioni watu wakafurika, wanawake wamejitanda kanga, wanaume wamebeba mikeka. Wakavua viatu mlangoni, wakaketi chini kimya.

Bibi mmoja akamshika Zamda mkono. "Poleni, mwanangu. Tumesikia sauti ya Kibwana, tumekuja. Nani katutoka?"

Zamda akavitazama viatu vilivyojaa mlangoni. Nyuma yake, pazia likaanza kufunguka.