Nyumba Bila Mwenye Nyumba

Jumatano, tarehe 12 Aprili 1995, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Walimzika Tupokigwe nyuma ya nyumba, ubavuni mwa migomba yake, na kabla majembe hayajafutwa udongo mwenyekiti wa kijiji akasimama kutoa tangazo.

"Shamba la chai limepata mwekezaji. Nyumba zote za mpakani zitapigwa picha, zithaminiwe. Msiwe na wasiwasi."

Mzee Ambindwile, mume wa marehemu, nyumba yake ilikuwa ya mpakani. Akamgeukia jirani yake Anyosisye. "Unaona hao? Wamekula nyama ya msiba, sasa wanataka na nyumba. Na kaburi je, watalithamini?"

Baada ya hapo hakusikia tena kitu mwilini. Njaa hapana, baridi hapana. Mvua ya Rungwe ilimnyeshea akiwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, naye hakunyanyuka.

Mwanaye Obed alikuwa mbali, Mererani, akichimba mawe tangu kiwanda cha chai kilipopunguza watu. Mke wa Obed, Sekela, alibaki nyumba ya pili na ndiye aliyemletea mzee chakula. Kwa mila ya wazee wa Kinyakyusa, mkwe na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Basi Sekela aliweka sahani juu ya gogo, akakohoa nyuma ya migomba, akaenda zake. Zamani Tupokigwe ndiye aliyesimama katikati, akibeba neno la huyu kumpelekea yule. Sasa kilibaki kikohozi tu na sahani.

Mwezi wa saba mzee alikuta kigoda chake kimesogezwa juani. Kesho yake jembe lilikuwa limegeuzwa, mpini juu. Halafu siku moja akiwa ndani alisikia nje ya ukuta: kacha! Alipozunguka nyuma hakukuta mtu. Majani ya migomba yalikuwa yanatikisika, na upepo haukuwepo.

"Wameanza," alimwambia Anyosisye.

"Kina nani?"

"Wathamini. Wanapiga picha kwa kujificha."

"Ndugu yangu, serikali nzima ijifiche kwenye migomba yako?"

"Hii ya sasa? Hii inajificha popote. Ilijificha nyuma ya mwekezaji, itashindwa na mgomba?"

Alikwenda ofisi ya kata. Karani akamwambia mhusika yuko semina. Akarudi wiki nyingine. Semina.

Kisha Anyosisye akarudi kutoka sokoni Tukuyu, mzigo bado kichwani. "Wewe, kigoda chako kiko dirishani kwa Zuber mpiga picha, kule Bulyaga. Nimekitambua kwa ule ufa wake."

Mzee alichukua panga lake, akapanda mjini kwa miguu.

Kwenye dirisha la Zuber, katikati ya picha za maharusi na za kipaimara, zilikuwepo tatu zisizo na mtu. Ya kwanza ilikuwa ziwa saa za alfajiri, maji yametulia, na mkondo mmoja mweusi unapita. Alisogeza macho, ziwa likawa kigoda, pale alipokalia miaka yote mpaka mti ukang'aa. Ya pili ilikuwa vijito vingi vikishuka mlimani; ulikuwa ukuta wake wa udongo na nyufa zake. Ya tatu hakuijua kabisa. Ilikuwa na mawimbi laini, yamekolea upande mmoja na kufifia upande mwingine. Alihitaji kutazama kiganja chake ndipo akajua kuwa ni mpini wa jembe, pale kiganja kilipokula mti.

Zilikuwa nzuri. Aliona tu kwamba ni nzuri, kama mtu anavyoona moshi wa nyumba ya mbali. Joto halikumfikia.

"Shikamoo tata," Zuber alisema akitoka ndani. "Na hilo panga? Maharusi wangu watakimbia."

"Nani kapiga hizi?"

"Mteja. Nimemwazima kamera yangu ya zamani. Mzee, nina miaka ishirini kwenye kazi hii, sijaona mtu wa kukifanya kigoda kikuu namna hii."

"Mteja wa wilayani?"

"Mteja tu. Ameniomba nisimtaje. Lakini kichwa kigumu! Anasogea karibu mno mpaka huelewi unatazama nini. Nikamwambia, rudi nyuma kidogo. Akakataa. Anasema akirudi nyuma mwenye nyumba ataingia kwenye picha."

Mzee alicheka bila sauti. "Ndio hao. Wanataka nyumba bila mwenye nyumba."

"Nikamwambia hata bure nitamsafishia picha, ampige mzee mwenyewe, sura yake. Akaniangalia kama nimemtukana."

"Na picha zinapelekwa wapi? Kwa mwekezaji?"

"Mererani. Kuna mtu huko amemkumbuka baba yake."

Mzee alifungua mdomo. Kivuli kikaingia mlangoni.

"Si huyo hapo," Zuber alisema. "Muulize mwenyewe."

Mzee aligeuka, mkono kwenye panga. Uso hakuuona. Aliona kanga ikivutwa ghafla kufunika kichwa, kamera ikiyumba shingoni, visigino vikikimbia kuteremka barabara. Naye, kama alivyolelewa, akageukia ukuta upesi.

Jioni sahani ilikuwa juu ya gogo. Mtu akakohoa nyuma ya migomba. Mzee alingoja majani yatikisike, hayakutikisika. Aliyekohoa alikuwa bado amesimama palepale.

Tupokigwe yuko chini ya udongo. Nani sasa atamwambia Sekela kwamba mzee ameziona picha zake?