Kishikwambi cha Bi Sichana

"Kompyuta haina ubaya," fundi Faki alisema kwa hasira. "Mmeweka programu mbili za kuhamishia vitabu. Kila moja imekuja na draiva yake ya kuunganisha kifaa na kompyuta, na mkichomeka kishikwambi cha mama zinakigombania mpaka hakionekani. Moja lazima itoke."

"Itoke ya huyu," Kombo akasema. "Mama asome vitabu vya dini, si hadithi za mapenzi."

"Yako nimeifuta mara mbili," dada yake Mize akamjibu, "na bado unairudisha."

"Kumbe ni wewe!"

"Ulidhani jini?"

Mama yao, Bi Sichana, alikuwa kwenye benchi la fundi. Herufi ndogo za vitabu vya karatasi hazioni tena. Wiki ya tatu sasa anarudia kitabu kimoja kilichobaki kwenye kishikwambi.

"Mama, nifute ipi?" fundi akamuuliza.

Wanawe wakamjibia kwa pamoja, wakifokeana.

Bi Sichana akainuka. Akachomoa waya wa kishikwambi, ule ule wa kuchajia, akaufunga kwenye pindo la kanga yake na kukaza fundo kwa meno.

"Haya, gawaneni," akasema, akaondoka.

Mezani kishikwambi kilibaki kinawaka. Chaji ilikuwa mstari mmoja, mwekundu.