Kiraka cha Shingoni

"Bado tu, shemeji?" Mume wa dada ya fundi wa picha alisimama nyuma ya kiti cha fundi, akichezesha funguo za gari. "Tia giza ukutani kwenye hiyo picha ya mke wangu, basi. Mama yenu ananingoja nje."

Ili amwondoe haraka, fundi aliiachia programu ya kompyuta ifanye yenyewe: matabaka yote ya picha, yaliyopangwa moja juu ya jingine, yachanganyike na yaliyo chini yake kwa kutia giza. Alikusudia tabaka la ukuta peke yake. Programu haikuuliza mara mbili. Kufumba na kufumbua, ilikuwa imeyageuza yote.

Ukuta ukakolea vizuri. Lakini shingoni mwa dada yake kulikuwa na kiraka cha rangi ya ngozi, kilichobandikwa na mtu kabla picha haijaletwa. Sasa kiraka kilipitisha macho kama chandarua. Chini yake zilionekana alama za vidole vinne, zambarau, na dole gumba upande wa pili.

Funguo zikanyamaza.

"Rudisha ilivyokuwa," shemeji yake alisema polepole.

Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kurudisha. Akakiondoa, akageuza kioo cha kompyuta kikaelekea mlangoni.

"Mama," aliita, "hebu ingia kidogo."