Sura ya Mwisho ya Kitabu cha Saba

Juzi nilimzika mke wangu. Leo nimerudisha kwenye maktaba ya kanisa vile vitabu sita vya hadithi za mpelelezi mlokole alivyokuwa akivisoma. Kibanio chake cha nywele bado kimo ndani ya cha sita.

Cha saba, cha mwisho, alikuwa nacho Mama Mchungaji, mwenye funguo za maktaba. Miezi mitatu mgonjwa wangu alikiulizia. "Nife, lakini kwanza nijue nani kamuua mwalimu wa kwaya," alikuwa akisema. Jibu likaja lilelile: "Zamu yako itafika." Wakubwa hawapangi foleni.

"Pole sana, baba," Mama Mchungaji aliniambia, kidole chake katikati ya kurasa. "Marehemu angekifurahia. Nimebakiza sura moja tu nimjue muuaji."

"Hebu nikishike, mama."

Akanipa. Nikaichana ile sura taratibu, isibaki hata karatasi moja, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya deki.

"We mzee! Hata wewe hujaisoma!"

"Sijaisoma."

Akapiga magoti, akatia mkono ndani ya maji machafu kuzitafuta zile kurasa.

"Zamu yako itafika, mama," nikamwambia, nikaingiza kiatu ndani ya ndoo, nikakanyaga.