Pole za Jogoo

Mwenye kicheko akitumie sasa, maana huko mbele kinakauka.

Paka mmoja alimwagiwa uji wa moto mgongoni, akajificha uvunguni mwa ghala, akagoma kutoka hata kula. Mbavu zikaanza kuhesabika.

Jogoo, ambaye hajawahi kunong'ona tangu aanguliwe, akawakusanya bata wote waende kumpa mgonjwa pole.

"Pole, dada Paka!" aliwika.

"Pole sanaaa!" wakaitikia bata.

Paka akazidi kusogea ndani.

Kobe alichelewa, kama kawaida yake, akakuta wenzake wameshaondoka. Aliweka dagaa mmoja chini, akampa Paka mgongo, akatulia. Kesho yake akakaa karibu kidogo, mgongo vilevile. Siku ya kumi na mbili Paka akatoka, akala dagaa, akaegemeza kichwa kwenye gamba lake.

"Mzee Kobe, mbona hukuniuliza lolote?"

"Mwanangu, hata mimi nikiguswa naingia ndani."

Jogoo akawaona kutoka juu ya ua. "Amepona! Njooni mumwone! Pole zetu zimemponya!"

Bata wakaja mbio, mbawa zikipigapiga. Paka akatokomea uvunguni, mbali kuliko mwanzo.

"Huyu hana shukrani," Jogoo akasema, akaondoka na kundi lake.

Kobe alijikokota hadi pale alipokaa siku ya kwanza, akaweka dagaa mmoja, akageuza mgongo.