Gari la Kijani Mbele ya Duka la Mkate

Wendelin alikuwa amekwisha ingiza gia ya kurudi nyuma, na mlango wa mkewe ulikuwa bado wazi.

"Ngoja basi nikae," Hedwig alisema. "Kevelaer haihami."

Hakungoja. Alikuwa ameingia dukani kuchukua mkate wake wa Jumamosi, akatoka mikono mitupu, akasema foleni ni ndefu, watakula njiani. Akageuza shingo, akakanyaga mafuta, na gari dogo la kijani lililokuwa ndiyo kwanza linaingia kuegesha likapigwa usoni.

Kishindo hakikuwa kikubwa. Vioo vya taa vilimwagika chini, basi. Lakini foleni yote iligeuka, na Hedwig alizijua sura zile, maana wengi wao ni watu wa parokia yake. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa hija. Kila mwaka alikwenda Kevelaer, mji wa hija ya Bikira Maria, kumwombea Gereon, mwanawe wa pekee, aliyeitoroka seminari ukiwa umebaki mwaka mmoja awe padri, na ambaye tangu hapo jina lake halikutajwa tena nyumbani. Aibu ile ilikuwa imemtosha. Nyingine hakuitaka.

Dereva wa gari la kijani alishuka. Alikuwa msichana mwenye koti la mvua, na nyuma, kwenye kiti cha watoto, mtoto alikuwa analia. Msichana hakufoka. Alimtazama Wendelin kidogo, akamtazama Hedwig sana. Akapangusa mkono kwenye koti, akaunyoosha. Hedwig alikuwa anaitazama foleni. Mkono ukarudi mfukoni.

Wendelin akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna neno, taa ni taa tu, watamalizana wenyewe kwa wenyewe. Msichana akaitikia kwa kichwa, upesi upesi.

Hapo ndipo uso wa Hedwig ulipowaka. Miaka mingapi amemsikia mumewe mezani akiwasomesha wageni habari za bima? Bima ndogo, ile ya lazima, inamlipa uliyemgonga. Ya kati inalipia wizi, mvua ya mawe, na kulungu aliyekurukia msituni. Kubwa inalipa mpaka ujinga wako mwenyewe. Wendelin alikata ndogo peke yake, na sifa yake ilikuwa kwamba hajawahi kuidai, ndiyo maana kila mwaka anapunguziwa. Sasa alitaka kumziba mdomo mama mwenye mtoto ili punguzo lake lisiguswe. Na watu wanaona.

"Wendelin, usiniaibishe," alisema. "Bima unailipia ya nini? Binti wa watu ana haki yake."

"Twende, Hedwig. Nakuomba."

"Siendi popote. Na wewe binti, mnyamazishe mtoto wako, nataka kupiga simu."

Msichana akafungua mlango wa nyuma, akamtoa mtoto, akamkumbatia huku amewapa mgongo.

Simu ilipokelewa na Lütkehaus, wakala aliyeyakatia bima magari ya nusu ya mji. Masikio ya Hedwig yalikuwa yamechoka, kwa hiyo simu yake husema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. Alimsomea namba za magari yote mawili. Lütkehaus alikohoa, akauliza kama Wendelin yuko karibu. Hedwig akamwambia aseme na yeye, yeye si mtoto.

"Basi bima haitalipa, Bi Terhorst," Lütkehaus alisema. "Ile ndogo inamlipa mtu mwingine. Hapa hakuna mtu mwingine. Magari yote mawili ni ya mumeo."

Kwenye foleni, aliyeshindwa kunyamaza alikuwa Bi Niehues, jirani wa mtaa wa pili.

"Kumbe ndiyo maana mkate wa kwa Terhorst huchelewa kufika nyumbani."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Lütkehaus naye aliharakisha kusema kwamba hilo si jambo geni, wazazi wengi huandikisha gari la mtoto kwa jina lao, bima inakuwa nafuu.

"Mimi sina mtoto," Hedwig alisema, na hata waliokuwa ndani ya duka walimsikia.

Msichana aligeuka. Wendelin alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na kwa Hedwig wekundu ule ulikuwa jawabu tosha. Akachukua mkoba wake. Akamwambia msichana neno moja ambalo kiongozi wa hija hapaswi hata kulijua, kisha akaelekea kituo cha basi, mgongo umenyooka, mpaka alipopita kona.

Wendelin alilitengeneza gari la kijani kwa fedha zake, na lake akaliacha na mbonyeo wake. Habari za bima hamsomeshi mtu tena. Lütkehaus amestaafu, anafuga nyuki. Hija ya Kevelaer inaongozwa na Bi Niehues. Hedwig alikaa kwa dada yake wiki mbili, hadi alipoambiwa yote, akarudi nyumbani. Mkate siku hizi anaoka mwenyewe, na mbele ya duka lile hapiti. Yule msichana, Swantje, alihamia Flensburg kabla ya baridi kuanza, yeye na mumewe, Gereon. Mtoto wao yuko shule sasa. Bibi yake amemwona mara moja tu.